Nyumba za Mawe, Kutoka Lamu Hadi Unguja

Msafiri afikapo Lamu huonyeshwa milango ya nakshi, akapiga picha, akaondoka. Lakini, wasomaji watukufu, mlango ni jalada tu. Nyuma yake mna daka lenye baraza, alipoketi mwenye nyumba na wageni wake. Kisha kiwanda, kisha misana, halafu chumba kiitwacho ndani, makao ya akina mama, ukutani zimepangwa zidaka. Upana wa vyumba uliamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko, ndiyo maana ni vyembamba. Juu ya kichochoro hupita wikio, lililounganisha nyumba mbili ili wanawake wa ukoo mmoja watembeleane bila kushuka njiani. Na nyumba yenyewe mara nyingi alipewa binti aolewapo. Bwana arusi ndiye aliyehamia!

Unguja mambo ni mengine. Beit al-Ajaib ya Sayyid Barghash, ya mwaka 1883, ilijengwa ionekane tangu baharini. Sehemu yake iliporomoka Disemba 2020.

Nyumba zetu huanguka kimya zaidi. Mrithi hupaka saruji juu ya matumbawe na chokaa. Unyevu hufungika ukutani, ncha za boriti zikaoza. Mama uliyeachiwa nyumba na bibi yako, kabla hujampa fundi kazi, muulize kwanza kama anaijua chokaa.