Unamnunulia mtoto kompyuta? Tazama prosesa kabla ya kutoa pesa

Kikoba cha dada yangu kilivunjwa Desemba iliyopita, akapata shilingi laki tano na ushee. Mgawo wote aliukusudia kitu kimoja: kompyuta ya binti yake aliyekuwa anaingia kidato cha tatu. Hakukuwa na fungu jingine pembeni. Akikosea, kosa lingekaa mezani mpaka Desemba nyingine.

“Mdogo wangu, wewe ndiye uliyesoma chuo, nisindikize Kariakoo,” aliniambia.

Nilimkumbusha kwamba mimi ni mwandishi wa habari za afya. Niulize presha, niulize chanjo. Lakini nilikwenda, maana kwenye ukoo wetu tayari tulikuwa na kompyuta moja iliyokufa ikiwa nzima. Nitaieleza.

Dukani tuliwekewa mbili, zote za mtumba, zote kwa laki nne na nusu pamoja na skrini, kibodi na mausi. Moja lilikuwa boksi jeusi refu, zito kama mfuko wa saruji uliobaki nusu. Nyingine ilikuwa ndogo, ya kijivu, ingeweza kukaa juu ya kabati la vyombo bila mtu kuiona.

“Dada, hii kubwa ina prosesa ya seva. Benki wanatumia hizi. Viini vinane,” muuzaji alisema. “Hiyo ndogo ni Core i3, viini vinne tu.”

Dada alikuwa ameshaweka mkono juu ya ile kubwa. Kwa nini mtu anunue vinne wakati vinane ni bei ileile? Hata mimi sikuwa na jibu. Niliomba tukanywe chai kwanza, nikaandika majina ya prosesa zote mbili kwenye simu, nikampigia niliyesoma naye chuo ambaye sasa anasimamia kompyuta za ofisi. Haya ninayoandika yalianzia kwenye ile chai.

Prosesa ni kile kipande kidogo ndani ya kompyuta kinachofanya hesabu zote. Wengi hukiita ubongo. Mimi kwa kazi yangu ubongo nauheshimu zaidi ya hapo, kwa hiyo nitakiita jiko, na viini vyake ni wapishi.

Seva ni kompyuta inayohudumia watu wengi kwa wakati mmoja: inayojibu wateja wa benki, inayotunza mafaili ya wafanyakazi wote wa ofisi. Haizimwi usiku wala mchana. Prosesa za Intel ziitwazo Xeon, jina lililoanza mwaka 1998, zimetengenezwa hasa kwa kazi nzito za namna hiyo. Huwa na wapishi wengi, hubeba RAM nyingi, na hukubali RAM ya aina inayogundua na kusahihisha makosa madogo ya data. Seva ya hospitali ikikosea tarakimu moja kwenye majibu ya kipimo cha mgonjwa, si jambo la kuchekea. Ofisi za nje zikibadilisha mashine, za zamani huuzwa kwa bei ya chini, na nyingine hufika madukani kwetu. Ndiyo maana mashine iliyokuwa ghali sana ilipotoka unaikuta leo kwa bei ya Core i3.

Kwa hiyo muuzaji hakudanganya. Lile ni sufuria la shughuli. Swali ni kama unalihitaji kupikia uji wa watu wanne.

Prosesa ya boksi lile ilikuwa Xeon E5-2670 ya mwaka 2012: viini vinane, kasi ya msingi gigahezi 2.6. Core i3 ilikuwa i3-8100 ya mwaka 2017: viini vinne, gigahezi 3.6. Xeon hiyo ikipata kazi ndogo huongeza kasi mpaka gigahezi 3.3, bado haijaifikia. Tena kiini cha mwaka 2017 humaliza kazi kubwa zaidi katika kila mzunguko kuliko cha 2012. Wapishi wanane wa zamani, wanne wa sasa wenye mikono miepesi.

Sasa angalia kazi za mwanafunzi: kuandika insha, kufungua mitihani iliyopita, kutafuta kitu mtandaoni, kujifunza kuandika programu ndogo. Nyingi ya kazi hizi hutegemea kiini kimoja au viwili, vingine vikiwa vimekaa. Yai moja haliivi haraka kwa sababu jikoni kuna wapishi wanane.

Skrini nyeusi ya baba mdogo

Kompyuta niliyosema ilikufa ikiwa nzima ni ya baba mdogo. Aliinunua kwa ajili ya wanawe, nayo ilikuwa na Xeon. Miezi michache baadaye feni zikawa zinazunguka, taa inawaka, skrini nyeusi. Watoto walilaumiana wiki nzima nani aliichezea. Fundi alipofungua alikuta kadi ya picha imeungua.

Prosesa nyingi za kompyuta za kawaida, kama ile i3-8100, zina sehemu ya picha ndani yake. Unachomeka waya wa skrini nyuma ya boksi, kazi imekwisha. Xeon za familia ya E5 hazina. Lazima pawepo kadi ya pembeni, na kadi hiyo ikifa, kompyuta nzima haina njia ya kukuonyesha kitu hata kama kila kingine ni kizima. Ya baba mdogo ikafunikwa kitambaa, ikawa stuli ya kuwekea feni.

Kuna jambo jingine ambalo sikulitarajia. Masomo ya video kwenye YouTube hubanwa kwa njia ambazo prosesa mpya zina sehemu maalumu ya kuzifungua. Hiyo i3 hufanya kazi hiyo bila jasho. Xeon ya 2012 ikiwa na kadi ya picha ya zamani inaweza kulazimika kuwaamsha wapishi wake wote, feni zikavuma, kwa ajili ya somo la dakika kumi la hesabu.

LUKU, joto na usingizi

Hapa ndipo nilipojisikia nimerudi kwenye uwanja wangu. Prosesa ile ya seva imepangiwa wati 115, ile ya i3 wati 65. Hizo ni za prosesa pekee ikiwa kazini, na kompyuta nzima huvuta tofauti kulingana na kadi, diski na kazi inayofanyika. Tuchukulie boksi kubwa pamoja na kadi yake linavuta wati 100 kwa wastani, na dogo wati 30. Mtoto akitumia saa tano kila siku, kubwa litakula uniti 15 kwa mwezi, dogo uniti nne na nusu.

Uniti 15 zinaweza kuonekana chache. Lakini dada yangu yuko D1, kundi la TANESCO la nyumba zinazotumia wastani wa uniti zisizozidi 75 kwa mwezi. Kwa bei zilizopangwa mwaka 2016, uniti ya D1 ni shilingi 100 kabla ya kodi na tozo, wakati ya T1 ni 292. Nyumba yenye friji, pasi na televisheni inayopumulia kwenye uniti 65 ikiongezewa 15 inavuka mpaka. Ikihamishwa kundi, si kompyuta tu itakayolipiwa bei mpya, ni pamoja na friji.

Umeme wote huo huishia kuwa joto. Wati 100 ni sawa na ile balbu ya zamani iliyokuwa inaunguza vidole, imewashwa chini ya meza, Dar es Salaam, Januari. Na meza yenyewe kwa dada iko kwenye chumba ambacho mdogo wake wa miaka mitatu analala. Shirika la Afya Duniani linashauri kelele ndani ya chumba cha kulala usiku zisizidi desibeli 30, kiasi cha mnong’ono. Boksi la kazi nzito likianza kuvuma halijui kunong’ona. Wazazi tunazungumza sana kuhusu macho ya mtoto na mwanga wa skrini, lakini usingizi wa aliyelala pembeni hatuupigii hesabu.

Kisha kuna Windows. Windows 10 ilikoma kupata huduma ya kawaida ya Microsoft Oktoba 14, 2025, ingawa kuna mwaka mmoja wa nyongeza ya marekebisho ya usalama kwa wanaojiandikisha. Windows 11 kwa prosesa za Intel inaanzia karibu zote kizazi cha nane. Hiyo i3-8100 imo kwenye orodha, Xeon ya 2012 haimo. Wapo mafundi wanaoilazimisha ikubali, lakini Microsoft haiahidi kuipelekea masasisho, na kompyuta isiyo na masasisho ni mlango usio na komeo kwa mtoto anayefungua kila kiungo anachotumiwa. Kama tayari unayo ya zamani, usiitupe. Mfumo wa bure kama Ubuntu hufanya kazi vizuri kwenye mashine hizo.

Usisikilize neno “i3” au “i7” peke yake. Soma namba zinazofuata. Katika i3-8100, ile nane ya mwanzo ni kizazi. I3-12100 ni cha kumi na mbili. Core i7-2600 ni ya kizazi cha pili, ya mwaka 2011, na jina lake kubwa halitaiingiza kwenye orodha ya Windows 11. Ukiona herufi F mwishoni, prosesa hiyo haina sehemu ya picha. Usiridhike na stika, stika hubandikwa. Omba kompyuta iwashwe, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, kisha Enter. Jina kamili la prosesa litatokea pamoja na kiasi cha RAM. Mimi ningetaka RAM ya GB 8 na diski ya SSD kabla ya kubishania viini, kwa sababu diski ya zamani inayozunguka huchelewesha prosesa yoyote.

Xeon nazo si za aina moja. Kuna E3 ambazo ni ndugu wa karibu wa prosesa za kawaida, na baadhi, kama E3-1225, zina sehemu ya picha, wakati E3-1230 haina. Na kuna nyumba ambayo sufuria la shughuli ndilo linalotakiwa. Kijana anayehariri video au kutengeneza katuni kwa kompyuta atawapa wale wapishi wanane kazi ya kutosha, na hapo i3 ya viini vinne itabaki nyuma. Ila anunue akijua habari ya kadi, umeme na Windows.

Tuliporudi dukani kijana mmoja alikuwa ameinama juu ya lile boksi jeusi. Anahariri video za harusi, na ya kwake inachukua usiku kucha kutoa video moja. Aliuliza kadi ya picha ni ipi na RAM inafika ngapi, akalichukua. Dada alilipia ile ndogo. Hamsini iliyobaki ilinunua kilinda umeme na kiti kinachofikisha miguu ya binti chini.

Wiki ya pili nilimpigia kuuliza mtoto anaendeleaje na kompyuta. Alinijibu habari za LUKU. Baba mdogo naye amepata taarifa, anataka nimtafutie kadi ya picha.