Bibi wa Makutupora alivyotukosoa kitabu cha katuni

Kitabu kilikuwa na kurasa nane. Ni hadithi ya mtoto mwenye trakoma, ule ugonjwa wa macho ambao wengi huuita vikope. Niliandika mimi, rafiki yangu akachora. Tulishaanza kuulizia bei ya kuchapa, ndipo nikaona nikipeleke kwanza Makutupora, nje kidogo ya jiji la Dodoma, niwaulize wazazi kama wangekinunua.

Wote walisema ndiyo. Mgeni kaja na daftari, utamwambiaje hapana? Nikaacha kuuliza, nikagawa nakala na kukaa pembeni.

Watoto waliruka maneno wakafuata picha. Akina mama walisoma kwa sauti, wakicheka. Wanaume wawili wa kijiweni hawakukigusa. Cha watoto hicho. Bibi mmoja akakwama ukurasa wa nne, pale mama anapomnawisha mwanawe uso kwenye beseni lililojaa pomoni.

"Mjukuu wangu, maji yote hayo kayatoa wapi? Huyu wa mjini."

Visima vya Makutupora vinalinywesha jiji, lakini kwa bibi huyu ndoo bado ni ya kubebwa kichwani.

Nilirudi nikasoma nilichopaswa kusoma mapema. Kongwa, mkoa huuhuu, watafiti wa trakoma walizungumza na kaya za Wagogo na kuchapisha matokeo mwaka 1992. Wazazi waliona kunawisha watoto kunakula maji mengi. Tena mama hakuamua peke yake. Baba alikuwa na neno lake. Ilipojaribiwa mbele ya watu, lita moja ilinawisha nyuso kama 30.

Kumbe msomaji niliyemhitaji zaidi ni yule wa kijiweni. Ukurasa wa nne umechorwa upya: kikombe kimoja, na anayemimina ni baba. Jaladani tumeweka pikipiki.

Bei ndiyo inayoniumiza kichwa. Kenya, Shujaaz ilianza mwaka 2010 ikigawiwa bure ndani ya gazeti. Sisi hatuna mfadhili. Tulitaka kuuza shilingi 2,000, nakala nilizoacha dukani zikakaa. Sasa tunajaribu 500, karatasi nyepesi, wino mweusi tu. Mchoraji kanuna kidogo.

Mzazi, usisubiri kitabu chetu. Trakoma ikimrudia mtu mara kwa mara miaka mingi, kope hugeuka ndani, zikakwaruza jicho hadi upofu. Mwanao akiwa na tongotongo na makamasi, mnawishe. Kikombe au kibuyu chirizi kinatosha. Macho yakiwa mekundu na kutoa usaha, mpeleke kituo cha afya.

Wiki iliyopita nilimrudia bibi na kurasa mpya. Alizipitia taratibu, akagonga picha ya kikombe kwa kidole, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akaniuliza:

"Na nzi je? Mtoto ana macho machafu hivi, nzi wake wako wapi?"

Hatukuwa tumemchora hata mmoja.