Ubuyu wa Kivukoni

Paukwa! Pakawa! Haya, sogeeni.

Ukishuka pantoni upande wa Kigamboni utakikuta chuo kilichoanza mwaka 1961, mwaka ule ule wa Uhuru. Kiliitwa Chuo cha Kivukoni. Leo ni Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Waliosoma pale enzi hizo walifundwa wawe viongozi. Na biashara? Thubutu! Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kumiliki hisa, kupangisha nyumba, hata kupokea mishahara miwili.

Binti wa hadithi yangu anasoma pale pale, miaka mingi baadaye. Kazi hazimsubiri, dada yake alihitimu zamani na bado anatuma barua za maombi. Sasa fedha za mkopo, ambazo wanafunzi huziita bumu, zimechelewa. Mfukoni ana noti moja ya elfu kumi. Anavuka na pantoni kwa shilingi mia mbili, anafika Kariakoo, ananunua ubuyu, anaufunga kwenye vipakiti na kuutangaza WhatsApp. Jioni mlango wake wa hosteli unagongwa mpaka jirani analalamika.

Mtasema njaa ndiyo iliyomfanya mjasiriamali. Wakubwa wengi huishia hapo, nami siwaungi mkono. Maana bumu lilitoka, akala akashiba, na kesho yake akarudi Kariakoo.

Kilichomrudisha ni nini? Darasani husubiri wiki nzima kujua kama amepata au amekosa. Kwenye ubuyu anajua jioni ile ile: mteja amerudi, au hakurudi. Bei anapanga mwenyewe. Akitaka kuongeza karanga, haombi ruhusa kwa mtu. Na ule ujasiri uliomo ndani ya neno mjasiriamali (lisikilizeni vizuri, jasiri yumo) aliuhitaji siku alipomwambia rafiki yake kipenzi, "Sikukopeshi tena." Rafiki alinuna siku tatu, kisha akaja na hela mkononi.

Lakini kuna jambo hajamwambia mtu. Mama yake anauza maandazi Mbagala, na binti alipokuwa shule alikuwa akipita mbali na meza ya mama, akiona haya mbele ya wenzake.

Usiku mmoja akapiga simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Bumu limeisha?"

"Hapana. Nataka kujua: bei ya andazi huwa unaipangaje?"

Mama akanyamaza kidogo, kisha akacheka. "Leo ndiyo unaniuliza? Chukua kalamu."