Kuhama Nyumba: Vitu vya Kuchukua na Vitu vya Kuacha

Katika sehemu za bara za Mombasa, yaani Likoni, Kisauni na Changamwe, watu huhama nyumba mara nyingi. Wengine huhama kwa sababu ya kazi ya bandarini au ya viwandani, wengine kwa sababu kodi imepanda, na wengine kwa sababu watoto wameongezeka na chumba kimoja hakitoshi tena. Wako pia waliohama kwa kupisha kazi kubwa za serikali, kama vile barabara na reli mpya, ambayo kituo chake cha Mombasa kilifunguliwa Miritini mwaka 2017.

Anayehama bila kujitayarisha hupata hasara za namna mbili. Hasara ya kwanza ni kulipa fedha ili kuchukuliwa takataka kutoka nyumba moja mpaka nyingine. Hasara ya pili, nayo ni kubwa zaidi, ni kutupa kwa haraka kitu ambacho hakitapatikana tena. Hasara hizi zote mbili huzuilika ikiwa kazi itaanzwa mapema na kufanywa kwa taratibu.

KUANZA MAPEMA

Mwezi mmoja si muda mrefu kwa kazi hii. Kwanza yapasa kumpa mwenye nyumba ilani, na afadhali iwe kwa maandishi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 yasema ya kuwa upangaji wa muda kwa muda waweza kuvunjwa na upande wowote kwa ilani isiyopungua muda huo wenyewe. Basi mpangaji alipaye kodi kila mwezi hutoa ilani ya mwezi mmoja, nayo iishe siku ya kulipa kodi. Asiyefanya hivyo aweza kudaiwa kodi ya mwezi ambao hakulala katika nyumba ile.

Pili, yapasa kuifikiri njia. Atokaye Kisauni kwenda kisiwani hupita daraja la Nyali lililofunguliwa mwaka 1980, ambalo lilichukua mahali pa daraja la kuelea la mwaka 1931. Atokaye Changamwe hupita Makupa. Atokaye Likoni kwenda kisiwani kwa kawaida huvuka kwa feri, lakini akiwa anakwenda upande wa Miritini yuaweza kufuata barabara ya Dongo Kundu, ipitayo juu ya daraja la Mteza, asipande feri kabisa. Njia ni ndefu zaidi, lakini vyombo hukaa garini bila kungojea foleni.

Tatu, yapasa kuyaangalia majira. Katika Mombasa mwezi wa Mei ndio wenye mvua nyingi kupita yote. Godoro lililolowa juu ya mkokoteni halikauki upesi wakati wa masika, na likikauka hubaki na harufu. Mwenye hiari ya kuchagua mwezi na auepuke huo.

MAFUNGU MATATU

Kazi ya kuchagua vyombo hufanywa chumba kimoja kimoja, na kila chumba kimalizwe kabla ya kuingia kingine. Yafaa kuanza na mahali pasipoonekana, kama vile uvunguni mwa kitanda, juu ya kabati na nyuma ya mlango, kwa maana huko ndiko vitu visivyotumika vinakojificha.

Kila kitu kiwekwe katika fungu moja kati ya matatu: vitu vinavyokwenda, vitu vya kuuzwa au kupewa watu, na vitu vya kutupwa. Fungu la nne, la vitu vya kufikiriwa baadaye, lisiwepo. Fungu hilo likiwepo, vitu vyote hukimbilia humo, na siku ya safari hupakiwa garini kama vilivyo.

Kipimo chepesi ni hiki: kitu ambacho hakikutumika tangu masika mawili yaliyopita, na ambacho si karatasi wala si ukumbusho wa wazee, hakina haja ya kuhama. Sufuria iliyotoboka, vifuniko visivyo na sufuria zake, kiti cha miguu mitatu kinachongojea fundi tangu mwaka juzi, na redio isiyosema, vyote hivi vina nauli yake. Samani iliyoingia mchwa isipelekwe nyumba mpya hata ikiwa ni nzuri kwa kutazamwa, kwa maana mchwa watahama pamoja nayo.

Lakini yako mambo ya kuangalia kabla ya kutupa. Mombasa hupata maji yake kutoka mbali, kama vile Mzima, Baricho, Marere na visima vya Tiwi, na katika mitaa mingi mifereji hukauka kwa siku kadhaa. Basi madumu na mapipa yasitupwe mpaka ijulikane kama nyumba mpya ina tangi au kisima. Vivyo hivyo jiko la makaa lisitolewe mpaka ijulikane kama pana mahali salama pa kuweka mtungi wa gesi.

Vitu vya kupewa watu viwe vizima. Nguo inayovalika, kitabu cha shule kinachosomeka na sahani isiyo na ufa ni msaada. Kitu kibovu si msaada, kwa sababu aliyepewa amepewa kazi ya kukitupa. Vyuma chakavu, chupa na plastiki huuzwa kwa uzani kwa wanaozinunua mitaani, na ni vizuri kuitazama mizani wakati wa kupima.

Tena ni lazima kukumbuka ya kuwa nyumba haina mtu mmoja. Kijana asitupe kitu cha mama yake, wala mume asitoe kitu cha mkewe, bila ya kuuliza. Katika nyumba nyingi za pwani limo kasha au bweta la bibi kizee, na ndani yake zimo leso za zamani, shanga na picha. Kwa mgeni vitu hivyo havina thamani. Kwa wenyewe ndiyo habari ya ukoo wao. Mzee na aulizwe kwa upole, akae karibu wakati wa kuchagua, na neno lake juu ya vitu vyake lifuatwe.

KARATASI KABLA YA KITANDA

Mambo mengi katika kuhama huweza kusahihishwa. Kikombe kikivunjika hununuliwa kingine. Karatasi ikipotea, shida yake huweza kudumu miaka mingi. Kwa hiyo karatasi ziwe za kwanza kukusanywa na za mwisho kutoka mkononi mwa mwenyewe.

Kwanza ni vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho, vyeti vya ndoa, shahada za shule, kadi za kliniki za watoto na karatasi za kazi. Pili ni mapatano ya upangaji na stakabadhi za kodi, maji na umeme. Stakabadhi zisitupwe kwa sababu ni kuukuu, hasa ile ya amana iliyowekwa kwa mwenye nyumba, kwa maana bila hiyo ni vigumu kuidai.

Jambo hili lawahusu zaidi wenye nyumba zilizojengwa juu ya ardhi ya mtu mwingine. Katika Kisauni, Likoni na Changamwe nyumba za namna hii ni nyingi: kuta na paa ni mali ya mjenzi, lakini kiwanja ni cha mwingine, naye hulipwa kodi ya ardhi. Asili ya mambo haya ni ya zamani. Sheria ya mwaka 1908 iliwataka watu wa ukanda wa pwani waje kudai ardhi zao na kuandikishwa, na ardhi ambayo haikudaiwa ilihesabiwa kuwa ya serikali ya wakati huo. Watu wengi hawakudai, na wazao wao walijikuta wakiishi mahali ambapo hawana hati yake.

Mtu wa namna hii akihama na kuipangisha nyumba yake, au akifa na kuwaachia watoto, stakabadhi za kodi ya ardhi na mapatano ya kununua nyumba huenda zikawa ndizo ushahidi pekee wa kuwa nyumba ile ni yake na ya kuwa mwenye ardhi alimtambua. Karatasi hizo huwa zimechakaa, zimetoboka na kubadilika rangi, nazo hufanana sana na takataka. Mtoto aliyetumwa kusafisha chumba aweza kuzichoma moto pamoja na magazeti ya zamani, na hasara ionekane baada ya miaka kumi mbele ya hakimu. Wazee walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari.

Karatasi zote zitiwe katika mfuko mmoja usioingia maji, zipigwe picha kwa simu, na nakala zipelekwe kwa ndugu mwaminifu. Mfuko huo usipakiwe garini. Uchukuliwe na mtu mzima mmoja anayejulikana.

VITU VYA HATARI NA TAKATAKA

Betri kuukuu za gari, ambazo wengine huzitumia kwa taa na televisheni, zina risasi na tindikali. Zisivunjwe wala zisiachwe uani wanapocheza watoto. Watu wa Mombasa wanaijua habari ya kijiji cha Owino Uhuru, karibu na Mikindani, ambako sumu ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu iliwadhuru wakaazi. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu iliithibitisha haki yao. Betri moja si kiwanda, lakini risasi ni ile ile, nayo humdhuru mtoto kuliko mtu mzima.

Dawa zilizopita tarehe yake zisipewe jirani. Mafuta ya taa yasisafirishwe pamoja na chakula wala godoro. Mtungi wa gesi ufungwe barabara, uondolewe mpira wake, na usimamishwe wima.

Takataka zisitupwe mtaroni wala ufuoni. Jaa la Kibarani, lililokuwa kando ya njia iingiayo kisiwani, lilifungwa, na mahali pa kutupia taka ni Mwakirunge katika Kisauni. Taka zinazotupwa mtaroni huziba njia ya maji, na mvua inyeshapo maji huingia katika nyumba za watu waliobaki.

KUFUNGA MIZIGO

Mifuko ya plastiki ya kubebea imekatazwa katika Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, na adhabu yake ni kali. Magunia, makatoni, makapu ya ukindu na masanduku ya bati yafaa zaidi, na mengi hupatikana kwa bei ndogo madukani na sokoni. Vyombo vya kioo vizungushiwe leso na shuka, ili nguo na vyombo visafiri pamoja na kuhifadhiana. Vitu vizito, kama vitabu, vitiwe katika makatoni madogo. Skurubu za kitanda zitiwe katika kitambaa na kufungwa kwenye ubao wa kitanda chenyewe. Juu ya kila katoni liandikwe jina la chumba chake.

Kunguni ni abiria asiyelipa nauli. Kabla ya kufunga, shuka na vyandarua vifuliwe kwa maji ya moto, na godoro na mbao za kitanda zitolewe juani na kukaguliwa katika pembe na nyufa. Ni rahisi kuwaua kunguni katika nyumba ya zamani kuliko kuwatafuta katika nyumba mpya.

SIKU YENYEWE

Bei ya gari, mkokoteni na mahamali ipatanwe kabla ya kupakia, na ielezwe wazi kama ni pamoja na kupandisha ngazi. Mwenye friji ailaze tupu na kavu tangu jana yake kwa kuizima, aisafirishe ikiwa imesimama, na akifika aiache saa kadhaa kabla ya kuiwasha.

Wanaovuka Likoni wasiende saa za asubuhi na jioni, wakati wafanyakazi ni wengi. Ndani ya feri watu washuke garini, watoto washikwe mkono, na mtu asisukumane kwa ajili ya mzigo. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka ikiwa imejaa kupita kiasi, na watu 272 walikufa. Hakuna chombo cha nyumbani chenye thamani ya kumfanya mtu aingie katika feri iliyojaa.

Kabla ya kutoa ufunguo, nyumba ifagiwe, mita za maji na umeme zisomwe na kupigwa picha, na mwenye nyumba aone mwenyewe hali ya kuta na milango. Umeme ulionunuliwa kwa mita ya kulipa kabla haufuati mtu, kwa hiyo wiki ya mwisho inunuliwe kidogo tu. Ufunguo utolewe mkononi kwa mkono, na amana idaiwe siku hiyo hiyo, stakabadhi ikiwa tayari.

Katika nyumba mpya kifunguliwe kwanza kitanda cha watoto, kisha jiko na madumu ya maji. Mengine yaweza kungoja kesho. Ama mfuko wa karatasi, huo utafutiwe mahali pake usiku ule ule, pakavu na juu ya sakafu, na watu wawili wa nyumba wapajue.