Unakaribia Kustaafu? Panga SHA Yako Mapema

Ukiwa umeajiriwa, bima ya SHA haikusumbui. Mwajiri anakata asilimia 2.75 ya mshahara kabla hujauona. Mwenye mshahara wa shilingi 40,000, kwa mfano, hukatwa 1,100 kila mwezi. Ukistaafu, makato hayo yanakoma. Usipojipanga, unaweza kulazwa hospitalini ndipo uambiwe bima yako haiko hai.

Anza miezi michache kabla ya siku yako ya mwisho kazini.

Kwanza, piga *147# uhakikishe umesajiliwa. SHA ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, kwa hivyo kadi ya zamani haitoshi. Usajili ni bure; shika kitambulisho chako tu. Ongeza mke au mume, na watoto wanaokutegemea.

Pili, ukishaacha kazi, jibu maswali kuhusu mapato ya nyumba yako. Jibu ukweli, maana hayo ndiyo yanaamua utalipa ngapi. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, lakini asiye na mwajiri hulipia mwaka mzima: angalau 3,600.

Tatu, anza kuweka pesa hizo kando sasa. Ukitenga 300 kila wiki kwa simu, wiki 12 zikiisha uko na 3,600.

Wakati wa kulipa, soma jina la anayepokea kabla ya kuweka PIN. Na mtu akikupigia akidai ametoka SHA na anataka PIN yako, kata simu. PIN ni yako pekee.