Kole ya chuma inaokoa pompi, haibebi mtu

Huku kwetu Fizi, toka Misisi mpaka milima ya Minembwe, ganda la pompi likipasuka kazi inasimama. Maji yanapanda ndani ya shimo, wachimbaji wanakaa juu, na deni kwa mama wa restora linaendelea kuandikwa.

Zamani tulitafuta ganda lingine Baraka, ama tulimuomba fundi amwage jipya. Kumwaga si mchezo. Aluminiamu inayeyuka kwenye digrii 660, hiyo fundi wa masufuria anaiweza. Fonti inadai karibu digrii 1200, na moto wa makaa haufiki pale bila tanuru nzuri na upepo wa kusukuma. Hata ukiichomelea, mara nyingi ikipoa inapasuka tena pembeni.

Sasa njo tumepata epoksi, ile kole ya tubu mbili yenye unga wa chuma ndani. Unachanganya utomvu na dawa ya kukazisha kwa kipimo kilichoandikwa, unaziba ufa, ikikauka unapiga tupa kama chuma.

Mara ya kwanza sisi tuliharibu. Tulipaka juu ya mafuta na kutu, tukawasha pompi kesho yake asubuhi. Ilibanduka kama ganda la ndizi, fundi akatucheka. Inafaa kutoboa kitundu kidogo kila mwisho wa ufa ili usiendelee, kusugua na msasa mpaka chuma kingʼae, kuosha na asetoni, na kukausha kabisa. Tena karatasi ikisema saa 24, inahesabu joto la digrii 25 hivi. Minembwe iko juu kupita mita 2000, usiku ni baridi kali; sisi tunaacha siku mbili, karibu na jiko lakini si juu ya moto.

Na mikono muifunike. Dawa ile ya kukazisha inawasha ngozi, na mwili ukishaikataa, itakuwasha kila mara. Bana wasichezee mabaki.

Kuna PDG mmoja alitaka tuzibe na kole kulabu ya kamba inayoshusha watu. Tulikataa, kukawa makelele. Epoksi inavumilia kubanwa. Kuvutwa kwa kishindo haivumilii. Kwenye bomba la moshi pia isiwekwe: nyingi zinalegea zikipita digrii 120 hivi. Kulabu inabadilishwa, basi.

Yeye huyo alikata bei ya tubu kwenye fungu la wachimbaji, na pompi ni yake, anaikodisha! Pompi ikipona, faida inaenda kwake peke yake. Tumeomba iandikwe kabla watu hawajashuka: mwenye mashine njo analipa matengenezo. Mashimo mawili yamekubali. La tatu wametuambia turudi siku ya posho.