Mabingwa wa Matopeni

Nyumba ya kambare haina mkubwa, husema watu: baba ana sharubu, mama ana sharubu, na mtoto naye anazo. Anazo nane, kwa hesabu kamili, na ndizo ulimi wake. Chini kabisa ya mto, gizani, kwenye tope, macho hayana kazi kubwa. Sharubu hupapasa na kuonja kabla mdomo haujafunguka. Hata ngozi yake huonja.

Hapa Omugo, wilayani Terego katika eneo la West Nile, Uganda, ni nchi kavu. Samaki hutoka mashariki, kwenye Nile ya Albert upande wa Rhino Camp. Lakini kama kambare angekuwa na makao makuu, angeyajenga karibu na hapa. Kambare wa kawaida anapatikana kwa asili tangu Mto Orange, Afrika Kusini, hadi kusini mwa Uturuki, na ukiugawa umbali huo nusu kwa nusu utaangukia West Nile. Ni samaki wachache mno wa maji baridi wanaotawala nchi ndefu namna hiyo. Siri yake ni pumzi. Juu ya matamvua ana kiungo chenye vitawi kama kichaka, cha kuvutia hewa, ndiyo maana dimbwi likikauka hujikokota kwenye nyasi zenye umande akitafuta jingine. (Kambare mamba, yaani kamongo, hufanya makubwa zaidi wakati wa kiangazi, lakini jina linadanganya: yeye si kambare hata kidogo.)

Kwa ukubwa tusijidai. Kambare wetu akifika kilo 60 ni mzee wa heshima. Jamaa yake wa Mto Mekong aliyevuliwa Thailand mwaka 2005 alikuwa na kilo 293.

Kwa umeme, hapo tunaongea. West Nile iliishi miaka mingi nje ya gridi ya taifa, huku ndani ya Nile kukiwa na kambare mnene, laini kama soseji, anayeweza kupiga volti 350. Soketi ya nyumbani Uganda ni 240. Mtambo wake ni msuli uliogeuka, umemzunguka chini ya ngozi kama blanketi, na wote unaamriwa na seli mbili tu za neva, moja kila upande. Usiku huwapiga samaki wadogo wakazimia, kisha akala bila haraka. Waarabu wa Nile humwita kwa neno lenye shina moja na radi yetu, na anayemkamata kwa mikono mitupu halazimiki kuelezwa kwa nini.

Gogogo, kambare mwingine, naye ana taji la kelele. Akitolewa majini husugua mizizi ya miiba yake na kukoroma, na miiba hiyo hujifunga wima hata nyavu zikachanika. Ila bingwa wa ujanja katika ukoo huo yuko Ziwa Tanganyika: gogogo mwenye madoadoa, ambaye ujanja wake ulielezwa na mtafiti Tetsu Sato mwaka 1986. Huyapenyeza mayai yake kati ya mayai ya samaki wanaoatamia mdomoni. Vifaranga vyake huanguliwa kwanza, kisha huwala watoto wa mwenye nyumba humo humo mdomoni mwa mama yao.

Wapo wasiomgusa kambare kwa kuwa hana magamba. Wasabato ni mfano. Wafugaji wa Uganda hawana shaka hiyo, kwani yeye na ngege ndio wanaojaza mabwawa. Ajabu ni kwamba wakati wa kuzalishwa jike hukamuliwa mayai akiwa hai na kurudishwa majini, lakini dume hakamuliki mbegu: kwa kawaida huchinjwa. Mayai maelfu kwa maelfu huanguliwa kwa muda wa siku moja hivi. Kisha wanaokua upesi huanza kuwameza ndugu zao, na mfugaji asiyewachambua kwa ukubwa atajikuta na samaki wachache, walionona sana.